Niliozwa, Sikuoza

Majuzi nilirudi kutoka kwenye cherehani yangu pale sokoni Mbinga nikaikuta ndoo yangu imeoshwa. Imeoshwa vizuri, kwa sabuni ya unga, imegeuzwa kifudifudi juani karibu na bomba. Asubuhi niliiacha na muhogo wa siku ya nne ndani yake, umebakiza siku mbili tu ulainike sawasawa. Binti wa chumba cha pili, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, mtoto mwenye adabu zake, akatoka anafuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, Mama. Nimekusaidia kumwaga ule muhogo. Ulikuwa umeshaoza."

Niliitikia marahaba, nikasema asante, nikaingia ndani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Hasira ilikuwepo, nisikudanganye. Muhogo wa siku nne si kitu cha kumwaga. Lakini kicheko nacho kilikuwa kinanipanda, maana neno hilo, kuoza, lina habari yake nyumbani kwetu. Mtu wa kwanza kulitamka mbele ya muhogo wetu alijibiwa jibu ambalo ukoo mzima ulilibeba miaka na miaka.

Kabla jua halijazama mwenye nyumba naye akanipitia. Ni mama mtu mzima mwenzangu, tunaheshimiana. Alizunguka sana kwenye mazungumzo, akaulizia afya, akaulizia wateja, mwisho akafika alikokuwa anakwenda: wapangaji wamelalamika harufu, na uani kwake hataki tena ndoo ya namna ile. Kama siwezi kuiacha ndoo, basi mwisho wa mwezi niache chumba. Nikamwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafikiri tangu nikiwa na miaka tisa.

Kaa basi nikusimulie, wewe utanielewa. Mama yangu alizaliwa Lituhi, nyumba ya tatu kutoka majini, kwenye familia ya wavuvi. Baba alikuwa Mmatengo wa Mpepai, mtu wa kahawa, mahindi na maharage. Enzi hizo watu wa milimani walikuwa wanashuka ziwani na magunia ya maharage, wanapanda na samaki wakavu. Baba alishuka na maharage, akapanda na samaki, na safari ya tatu akapanda na Mama. Ndivyo alivyopenda kusimulia yeye mwenyewe, na Mama alikuwa anamwacha amalize halafu anamuuliza kama alimfungasha kwenye gunia.

Alipofika Mpepai, Kimatengo hakukijua. Bibi, mama yake Baba, naye Kinyasa hakukijua na hakuwa na nia ya kukijua. Ikabidi wakutane kwenye Kiswahili, ambacho hakikuwa cha kwao wote wawili. Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni, kile cha kubishania bei ya samaki. Bibi alikuwa na Kiswahili cha katekisimu. Alijua dhambi, toba, amri, utii na ndoa takatifu, lakini ukimwomba mwiko anakuletea kinu. Kwa maneno hayo machache, mengi yake ya toba, wanawake wawili wakatakiwa waishi uani pamoja.

Sasa ukweni kwa Mama walikula ugali wa mahindi. Mama aliupika, tena vizuri, hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Lakini kwao wamekua kwa ugali wa muhogo, na si muhogo wa kumenya na kuchemsha, la. Ni muhogo mchungu uliovundikwa: unaumenya, unaukata vipande, unauzamisha kwenye maji siku kadhaa mpaka ukiubonyeza kwa kidole gumba unabonyea. Unautoa, unauondolea kamba ya katikati, unauvunja, unauanika. Ukikauka unautwanga, unauchekecha, unapata unga mweupe kuliko chaki ya mwalimu. Mama alimwomba Baba ukingo mmoja wa shamba, chini kabisa mahali kahawa ilipokataa kustawi, akapanda mashina ya mihogo aliyokuja nayo kutoka kwao.

Shida ilikuwa baridi. Lituhi kuna joto, siku tatu muhogo umelainika, siku mbili umekauka juu ya miamba, harufu inakuja na kuondoka, na kwa kuwa kila nyumba inavundika, hakuna pua inayoshtuka. Nilikwenda huko likizo moja na Mama, nikiwa mdogo, nikawa nazunguka natafuta harufu ya nyumbani kwetu nisiione. Ilikuwa kila mahali. Lakini Mpepai, na ukungu wake wa asubuhi unaokaa mpaka saa nne, chungu cha Mama kilichukua siku sita, mara nyingine saba. Siku saba za harufu ile, kali kidogo, chachu kidogo, inapita chini ya mlango na kukusubiri barabarani. Halafu kuanika nako: jua likichomoza, Mama anatoa mkeka, manyunyu yakianza, anauanua, jua tena, mkeka tena. Nimemuona akiutoa na kuuingiza mara tano kwa siku moja, anaimba tu. Mvua ikizidi, anaupandisha kwenye dari la mianzi juu ya mafiga, ndiyo maana ugali wetu ulikuwa na moshi ndani yake ambao ugali wa Lituhi haukuwa nao.

Na mboga yake ilikuwa usipa, wale dagaa wadogo weupe wa ziwa letu. Mjomba aliwatuma kwenye kikapu kila alipopata mtu wa kupanda mlima. Mama aliwakaanga kwanza wakavu, bila mafuta, mpaka jikoni panukie harufu ya ziwa, kisha nyanya, kitunguu, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Kwa kuwa walianikwa mchangani, hata uwaoshe maji matatu, ulikuwa unatafuna ghafla unasikia "kre" kwenye jino. Nikilalamika, Mama alikuwa anasema mchanga ule ni wa kwao, nimeze, hautaniua. Nilimeza mchanga wa Lituhi utoto wangu wote.

Nyumbani tulikula tukashiba. Baba alikula kuliko wote, anaukata ugali ule unaovutika, anauchovya, anafumba macho. Kumbuka hilo la Baba, nitalirudia.

Matatizo yalianzia kwenye sengu. Kama hukukulia umatengoni, huenda hujaijua. Watoto wote wa kiume wa Babu walikuwa wamejenga kumzunguka, na nyumba zote hizo hazikuwa zinakula kila moja kivyake. Kila mke alipika kwake, kisha chakula kikapelekwa uani kwa Babu, vikapangwa vyungu na mabakuli, wanaume duara lao, wanawake na watoto duara lao, mnakula kutoka kila nyumba. Huko ndiko tulikofundishwa kukaa, kunyamaza, kumpisha mkubwa nyama. Huko ndiko ugomvi wa mipaka ulikomalizwa. Na huko ndiko mke alikopimwa, ingawa hakuna aliyesema kwamba anapimwa. Bakuli likirudi tupu, umepika. Likirudi na nusu, kuna kitu. Likirudi limejaa, watu wote wamekuona.

Bakuli la Mama lilirudi limejaa. Siku za ugali wa mahindi liliisha kama la wengine, lakini yeye alishikilia kwamba siku moja kwa juma atapeleka chakula cha kwao. Alisema wote waliopeleka, walipeleka cha kwao, na yeye ana kwao. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa aliusonga ule wa muhogo, akaumimina kwenye bakuli la udongo alilopewa na mama yake, usipa pembeni, akafunika kwa kawa, akanitwika mimi, yeye akabaki nyumbani, hakutaka kuliona likipimwa. Nilikuwa binti yake wa kwanza, kazi hiyo ilikuwa yangu. Kila Jumapili nililipeleka, likawekwa na mengine, mikono ikapita juu yake kwenda kwa jirani yake, na mwisho nikalirudisha vilevile, ugali umeshapoa na kufanya ngozi juu. Watoto wa baba wadogo walinishikia pua njiani. Walikuwa na wimbo, sitauimba hapa.

Ungeuona uso wa Mama akifunua kawa. Hakulia. Alikuwa anatazama ndani ya bakuli muda mrefu kidogo, halafu anasema haya, sisi tutakula kesho. Tukala kesho yake, ugali wa jana yake uliochomwa juu ya makaa, mtamu hata hivyo.

Ndipo nilipofanya kosa langu. Nyuma ya nyumba ya Babu palikuwa na banda la nguruwe. Jumapili moja nimechoka na pua za kushikwa, nimechoka na uso ule wa kufunua kawa, nikapita nyuma badala ya mbele. Nikalifunua bakuli, nikalimwagia nguruwe ugali na usipa pamoja, nikafuta bakuli kwa jani la mgomba, nikaenda kukaa kwenye duara mikono mitupu. Nguruwe wa Babu alikula chote mpaka akalamba ubao. Niseme kwa haki yake, alikuwa mtu wa kwanza wa ukoo ule kuukubali muhogo wetu.

Nilirudi nyumbani na bakuli tupu. Mama alilipokea, akafunua, akalitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena. Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea atashukuru kimyakimya na mambo yaishe. Mama alikaa chini kwenye kizingiti cha jiko akacheka peke yake. Jioni ile nilimsikia anatwanga huku anaimba nyimbo za kusukuma mitumbwi, nyimbo ambazo sijawahi kumsikia akiziimba Mpepai. Jumapili iliyofuata alisonga ugali mkubwa zaidi. Iliyofuata aliongeza mbasa mkavu, samaki mkubwa wa ziwani, aliyekuwa anamtunza kwa ajili ya Pasaka. Na mimi, kila Jumapili, nyuma ya nyumba. Nguruwe akawa ananijua hatua, akiniona kwa mbali anapiga kelele.

Ilikwenda hivyo mpaka mavuno ya kahawa yakaisha. Jumapili moja Mama akasema leo anakuja mwenyewe, akawasalimie wakwe na asikie wanasemaje kuhusu mapishi yake. Alivaa vitenge vyake vizuri. Mimi nilijaribu kuumwa tumbo, haikusaidia. Siku hiyo aliacha kupika wa muhogo, alibeba maharage tu, kwa sababu alitaka, alivyoniambia njiani, wasidhani anajisifia. Akapiga magoti mbele ya Babu, akaamkia, akakaa kidogo na wanawake, kisha kwa adabu zote akamuuliza Babu kama ule ugali wa ziwani wameuzoea sasa.

Babu alikuwa mzee asiyejua kusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Akasema, "Mwanangu, chakula chako cha ziwani sijakiona hapa tangu mahindi yalipokauka."

Bibi aliendelea kuchambua maharage yake. Mama hakuniangalia mara moja. Aliangalia kwanza mahali mabakuli yanapowekwa, halafu mahali njia inapokatia kwenda nyuma, halafu ndipo akaniangalia. Nyuma ya nyumba yule nguruwe, ambaye saa yake ilikuwa imefika na hajaletewa kitu, akaanza kupiga kelele.

Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Nilisubiri fimbo. Nilitamani fimbo. Alivua vitenge vyake, akavikunja, akavirudisha sandukuni, akaja kukaa kwenye kile kizingiti cha jiko.

"Kumbe nilikuwa namwimbia nguruwe," akasema.

Nimeshafiwa na mume, nimeshafukuzwa kwenye fremu ya duka na mashine zangu nje, na hakuna kilichonichoma kuliko maneno yale, yaliyosemwa taratibu, hata bila hasira.

Juma lile akavundika muhogo mwingi kuliko kawaida, wa chungu kizima. Nikasema basi, anapanga kurudi kwao, anajitengenezea chakula cha njiani. Bibi naye alidhani hivyo, maana nilimsikia akimwambia mtu. Jumapili ikafika. Mama akasonga, akamimina, akafunika, nami nikainama nitwikwe. Akanipita. Alibeba mwenyewe.

Alipofika uani kwa Babu hakuliweka bakuli na mengine. Alikwenda akakaa chini katikati, kati ya duara la wanaume na duara la wanawake, mahali ambapo hakai mtu, akanyoosha miguu, akaliweka bakuli mapajani, akanawa mikono kwa maji aliyokuja nayo kwenye kibuyu. Akafunua. Harufu ikatembea. Akakata tonge, akalibonyeza, akachota usipa, akala. Akakata jingine. Alikula kwa utaratibu kabisa, mtu mwenye njaa yake na chakula chake, hana haraka na hana ugomvi.

Bibi ndiye aliyetangulia kusema, kwa kile Kiswahili chake. "Mnyasa, kitu hicho kimeoza. Kiondoe mbele ya wazee."

Mama alimeza kwanza. Hakuinua sauti.

"Mama, muhogo huu haukuoza, umevundikwa. Na mimi niliozwa hapa kwako, sikuoza."

Kwenye duara la wanaume mtu alipaliwa. Baba mdogo, aliyekuwa amesoma misheni, akageuka akacheka ukutani. Bibi hakuelewa. Aligeuka kwa shangazi akataka aelezwe, na shangazi akaanza kumweleza kwa Kimatengo, lugha ambamo kuoza kwa kitu na kuozwa kwa binti havina undugu wowote. Akaeleza, akarudia, akatumia mikono, akataja padri, akataja ndizi zilizoharibika. Maelezo yalichukua muda mrefu kuliko ugomvi wenyewe. Muda wote huo Mama alikuwa anakula.

Baba alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Yule yule aliyefumba macho nyumbani kwa utamu. Alikuwa na mkono mzima, na bakuli lilikuwa hatua tano kutoka alipokaa, na hakuunyoosha. Baba yangu alikuwa mtu mwema, amenilipia shule, amezika kitovu changu na kunishika mkono siku ya ndoa yangu. Lakini kwa hilo la Jumapili ile sijamsamehe, na siku nikimkuta aliko nitamuuliza.

Mimi nilikuwa kwenye duara la watoto. Nilikuwa na tonge la ugali wa mahindi mkononi, wa nyumba ya mama mkubwa, limeshapoa. Nikaliweka chini. Nikasimama. Zile hatua chache ndizo ndefu kuliko zote nilizopiga, na nimeshapanda kutoka Lituhi kwa miguu. Nikakaa kando ya Mama, nikanawa kwenye kibuyu chake, nikaingiza mkono kwenye bakuli. Hakuniangalia. Alisukuma tu usipa upande wangu. Tukala mimi na yeye, mbele ya ukoo wote, mpaka chini kabisa, na mchanga wa Lituhi ulilia "kre" kwenye meno yangu na nikaumeza bila kulalamika. Akalifuta bakuli kwa tonge la mwisho, akanipa mimi.

Akaaga kwa adabu, tukaondoka. Jumapili iliyofuata tukafanya vilevile. Na iliyofuata.

Ningependa kukuambia kwamba Bibi mwishowe alionja akapenda. Hakuonja. Alikufa akiwa hajawahi kuweka ugali ule mdomoni mwake, na alikuwa na haki yake, mdomo ni wake. Wachache walikuja kuzoea, yule baba mdogo wa misheni kwanza, halafu wanawe wale wa pua. Bibi, hapana. Lakini kuna siku moja nitakayoitunza mpaka nami niingie kaburini.

Tulikuwa tumeshakua kidogo. Baba mdogo wa mwisho alikuwa ameoa, na yule bibi harusi, msichana mchapakazi wa vijiji vya huko huko juu, alijitia kusafisha ua mzima siku yake ya pili, kama wafanyavyo wanaharusi. Akafagia, akafika kwenye ukuta wa jiko letu, akakuta chungu cha Mama. Akafunua, akarudisha uso nyuma, akakiinua akamwage. Mama alikuwa shambani. Mimi nilikuwa mbali, kwenye kinu, mdomo umejaa pumba, sikuwahi hata kuita. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anapukuchua mahindi. Walikuwa wanaongea Kimatengo wote wawili tangu asubuhi. Lakini neno lile kwa Kimatengo alikuwa hana, alilijua kwa Kiswahili cha Mama tu.

"Acha hapo," Bibi akasema kwa Kiswahili. "Huo haujaoza. Umevundikwa."

Binti akakirudisha chungu polepole. Bibi akaendelea na mahindi yake. Nilipomsimulia Mama jioni, alinitaka nirudie mara mbili, tena nimweleze alilitamkaje. Juma lile alipeleka kwa Bibi ugali wa mahindi, laini, wa mtu asiye na meno, na akaendelea kupeleka mpaka siku Bibi alipofariki.

Sasa nitazame nilipo. Sengu haipo tena. Ua wa Babu umegawanywa kwa uzio wa mabati, kila mjukuu na geti lake, kila nyumba inakula imefunga mlango na televisheni imewashwa. Huwezi kujua jirani amepika nini, sembuse kukikataa. Unga wa muhogo nauona dukani kwenye mifuko, mweupe, hauna harufu ya kitu chochote. Usipa wanauzwa kwenye nailoni, wameoshwa, hawana mchanga. Nawatafuna polepole nikiutafuta siupati. Mama amelala Mpepai, kwenye baridi aliyoilalamikia miaka yote, pembeni ya Bibi. Wakwe wale wawili sasa wana muda wa kutosha wa kufundishana lugha.

Na katika ua huu wa kupanga, wenye vyumba sita, hakuna aliyebaki wa kusema acha hapo. Hicho ndicho nilichokipigia hesabu kitandani siku ile na viatu miguuni. Si harufu iliyoondoka, harufu naweza kuitengeneza mwenyewe. Ni yule mtu asiyekula chakula chako, na bado anakuzuilia kisimwagwe.

Kesho yake nilikwenda sokoni nikanunua muhogo mara mbili ya ule wa kwanza. Nikaumenya hadharani, kwenye ngazi za mbele. Nikauzamisha kwenye ndoo ileile iliyong'aa, nikachukua kalamu ya wino mzito ninayoandikia vipimo vya wateja, nikaandika ubavuni kwa herufi kubwa: HAUJAOZA. Mwenye nyumba alipita na funguo zake, akasimama, akasoma herufi moja moja, akaenda zake. Mwisho wa mwezi sijaujua utakuwaje. Nikihama, nitahama nimeibeba ndoo kichwani, barabara kuu, mchana.

Siku ya sita ulibonyea. Niliuanika, niliuanua, niliuanika tena. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nikatoa jiko la mkaa nje, nikasonga. Chumbani nina meza nzuri, mwanangu alinunua. Sikuitumia. Nilitandika mkeka katikati ya ua, kati ya milango mitatu ya huku na mitatu ya kule, nikanyoosha miguu, nikaweka mbele yangu bakuli la udongo la Mama, ambalo lina ufa lakini halivuji.

Mwalimu alichungulia, akatoka, akasimama na nguo alizofua mkononi.

"Mama, huo ndio ule?"

"Ni mdogo wake," nikamwambia. "Ule wa kwanza ulimwaga. Karibu, nawa."

Alifikiri. Nilimuona anafikiri, anataka kuwa na adabu na anashindwa na pua. Akasema, "Mama, kwa kweli sitaweza."

Nikamwambia amefanya vizuri kusema, mimi nilipokuwa mdogo kuliko yeye nilikuwa mwongo. Hakuelewa, akacheka kidogo, akaenda kuanika nguo zake. Milango mingine ilibaki imefungwa, na nyuma ya mmoja nilisikia dirisha linavutwa. Nikakata tonge, nikalibonyeza, nikachota usipa. Sikuwa na haraka. Nilikula mpaka chini kabisa, nikafuta kwa tonge la mwisho, nikalipeleka bakuli bombani, nikaliosha mbele ya wote.

Lilirudi ndani tupu. Na safari hii sikumdanganya mtu.